Kinyaa Alichokiokota kwa Watu

Ndugu waombolezaji, Kandida Viktor aliagiza wasifu wake usipambwe. Familia imetii.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji jirani na Mngeta, mtoto wa tatu wa Mzee Viktor, mkulima na mvuvi, na Mama Stefania, aliyekausha samaki kwa moshi. Utotoni aligombania kichwa cha kambale na kaka zake, na mara nyingi alishinda.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1982. Mwaka uliofuata alipata kazi za ndani Ifakara, kwa Mama Eveline, mke wa bwana mmoja wa ofisini. Mama yule hakuwahi kumtukana. Alikunja pua tu na kufungua madirisha kila Kandida aliporudi kutoka kwao. Miaka saba. Alipoondoka pale, Kandida alidhani amejifunza usafi.

Mwaka 1991 alifunga ndoa na Donati, fundi ujenzi wa Kiberege. Walijaliwa Agnella na Osward. Siku ya ubatizo wa Agnella, Mama Stefania alikuja na kapu la kambale. Kandida alimtengea chakula uani, peke yake. Kapu akalitupa shimoni, na samaki wake, mama yake akiona.

"Mwanangu," alisema Mama Stefania, "pua hiyo unayokunja si ya kwetu. Umeitoa wapi?"

Alirudi kwake siku hiyohiyo, na hakukanyaga tena Kiberege hadi alipofariki mwaka 2004. Ni jambo la kuchefua. Marehemu mwenyewe alilisema hivyo, akataka lisomwe mbele yenu.

Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Kufikia Mei, chumba chake kilinuka. Agnella alifika kumuuguza. Mlangoni tu, akakunja pua.

"Shikamoo, mama. Mbona unalia? Unaumwa wapi?"

"Marahaba. Si maumivu. Pua hiyo umeitoa kwangu, mwanangu, na mimi niliiokota kwa watu. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno."

Agnella alitoka, akatapika nyuma ya nyumba, akanawa, akarudi kumwosha mama yake. Kinyaa hakikumtoka, wala hakujifanya kimemtoka. Alimwosha nacho kila asubuhi, miezi minne.

Kandida alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, akiwa na miaka 57. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Mwenyezi Mungu amlaze penye amani, na amkutanishe na mama yake.