Dk. Sigrun Thorlakson na Uvimbe Uliokutwa Pasipo Pake

Baada ya miaka thelathini na minne katika Idara ya Patholojia, Dk. Sigrun Thorlakson anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni. Tarehe hizi zimehakikiwa katika jalada lake la utumishi, na kisa cha mgonjwa kinachofuata kinasimuliwa kwa ruhusa ya mgonjwa mwenyewe, kwa maandishi.

Alikuja Winnipeg kutoka mji wa kwao, Gimli, akiwa daktari kijana. Alianza na vipande vya ini na figo, kisha akahamia kwenye ubongo na hakutoka tena. Kila Desemba hutuokea vinarterta, keki ya nyumbani kwao yenye tabaka saba. Wakati wa baridi ameondoka na gari maegeshoni mara tatu akiburuta waya wa umeme wa kupashia injini joto, aliousahau kuuchomoa. Mbele ya darubini, hata hivyo, hasahau kitu.

Ana desturi moja: husoma kipande kilichotolewa mwilini mwa mgonjwa kabla ya fomu ya daktari aliyekileta. Fomu huilaza kifudifudi chini ya kikombe cha kahawa. Wengi huanza na fomu, na fomu ikitaja saratani, jicho huitafuta mpaka liione.

Ndivyo ilivyokuwa miaka sita iliyopita. Corinne Desjarlais, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka The Pas, alianza kupata kifafa, na daktari wa upasuaji, Dk. Pavlo Hnatiuk, akamtoa uvimbe ndani kabisa ya ubongo. Fomu ilisema saratani inashukiwa. Kipande kilichogandishwa na kusomwa haraka wakati wa upasuaji kilipewa jibu hilohilo. Miadi ya kuandaa mionzi ikawekwa Jumatatu.

Alhamisi Dk. Sigrun alisoma vipande kamili. Aliona seli zimejipanga safu mbili zikitazamana, na kati yake ukanda mtupu. Dk. Hnatiuk mwenyewe anasimulia yaliyofuata.

"Sigrun, hizo ni seli za utando wa neva. Ndani ya ubongo utando huo haupo! Unaniambia umeona samaki juu ya mti?"

"Basi niletee ngazi nimshushe. Na mionzi isubiri."

"Tukisubiri, kumbe ni saratani?"

"Jina litakaloandikwa kwenye ripoti ni langu, Pavlo. Wewe kanywe chai."

Aliagiza vipande vitiwe rangi upya. Rangi ya fedha ilionyesha nyuzi nyembamba zikizunguka kila seli, na protini ya seli za utando wa neva ikajitokeza kote. Haikuwa saratani. Ulikuwa uvimbe mpole, adimu kiasi kwamba wapatholojia wengi hustaafu bila kuuona hata mmoja. Kwa kuwa ulishatolewa wote, mionzi ilifutwa.

Mama yake Corinne alipopigiwa simu na kuelezwa, bado aliuliza amlete binti yake saa ngapi Jumatatu.

"Usimlete, mama," Dk. Sigrun akamjibu. "Jumatatu mwache alale."

Machi mwaka huu Corinne alikuja idarani na picha za mtoto wake wa kwanza. Dk. Sigrun alizitazama kwa adabu, akamsifu mtoto, kisha akaomba aonyeshwe picha mpya ya ubongo wa Corinne mwenyewe. Ilikuwa safi.

Daktari, tunakushukuru kwa kila jibu ulilolitia saini, na zaidi kwa yale uliyokataa kuyasaini kabla hujaridhika. Nenda Gimli ukapumzike. Afya na furaha viwe nawe na wote walio wako.