Ile ya Dirishani

Benchi lenyewe lilikuwa kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, kimeegemezwa ukutani nje ya banda la fundi viatu. Aliyelileta pale ni Breki, dereva mstaafu, mtu ambaye angekuambia basi linaumwa wapi kwa kulisikiliza tu linavyopumua likipita. Asubuhi hiyo hakusikiliza basi lolote. Alikuwa amepakata mfuko wa nailoni kama aliyeachiwa mtoto wa watu, na kahawa yake ilipoa bila kuguswa, jambo ambalo halijapata kutokea tangu benchi liwe benchi.

— Toa tuone, alisema Wakili. Huyu ndiye fundi viatu. Uwakili walimpa majirani kwa sababu hajawahi kushindwa ubishi, hata siku alizoshindwa.

Breki akatoa vipande vinne vya sufi, kila kimoja na sindano zake za kufumia na bonge lake la uzi: cha kijani, cha rangi ya maziwa, cha kijivu, na kimoja chenye rangi ya kutu. Hakuna kilichokuwa na umbo la kuvalika. Kila kimoja kingeweza kuwa mgongo wa sweta la kitoto kichanga au mwanzo wa mkono wa jitu.

— Kimoja ni cha mjukuu wangu, alisema. Sijui kipi.

— Hujui, au unatuficha?

— Sijui, ndugu yangu. Na basi linaondoka adhuhuri.

Mambo yalikuwa hivi. Mkewe alikuwa kwa binti yao, wanasubiri mtoto azaliwe wakati wowote. Aliondoka mbio mbio, akasahau ufumaji. Asubuhi hiyo akapiga simu: nitumie kwa basi ile ya dirishani, nataka mtoto aikute tayari. Nyingine usiziguse.

— Sasa shida iko wapi? aliuliza Redio, fundi redio wa banda la pili, ambaye huongea akiwa ameinamisha kichwa kama anatafuta stesheni. Nenda dirishani, chukua.

Breki akakuna kisogo.

— Dirishani hakuna kitu. Nilifanya usafi.

Mkewe Breki hufuma kazi nne kwa mpigo, na kila moja ina makazi yake. Moja hukaa jikoni, juu ya kabati la sufuria, huisogeza maharage yakichemka. Moja hulala kwenye mkono wa kochi. Moja hushinda ndani ya mkoba, ni ya kwenye foleni. Na moja ni ya dirishani. Haandiki popote, hachanganyi; akifika mahali, mkono wenyewe unajua ulipoachia. Breki alipobaki peke yake akaona nyumba imetapakaa nyuzi, akataka mkewe akirudi akute inang'aa. Akazoa zote, akatia mfuko mmoja, akashinda anajisifu. Ni kama mtu aliyeng'oa namba za milango ya mtaa mzima ili kuta zipendeze.

— Tuma mfuko mzima, alisema muuza kahawa, akimimina.

— Akiziona zote si atajua nimegusa? Kaniambia usiguse, nami nikaitikia sawa mama, kwa sauti nzuri kabisa. Na wakati huo mfuko huu ulikuwa umeshafungwa fundo.

— Umekwisha, alisema Wakili kwa furaha. Haya, tutumie akili. Mtoto hajulikani kama wa kike au wa kiume. Mtu mwenye busara anafuma rangi ya maziwa.

— Mtoto anacheua, alisema Redio. Mwenye busara anafuma kijivu.

— Wewe umelea nani?

— Nimekulea wewe hapa kijiweni. Leteni ninuse. Ya jikoni itanuka kitunguu, tunaiondoa, zinabaki tatu.

Akanusa ya kijivu, akafumba macho. Kitunguu. Akanusa ya kijani. Kitunguu. Akazinusa zote, kisha akanusa mfuko.

— Breki, mfuko huu ulikuwa wa nini?

— Wa vitunguu.

Wakili akacheka mpaka kiatu cha mteja kikamtoka mkononi. Kisha akakaa sawa, kama hakimu.

— Mnatafuta kwa pua jambo la rohoni. Jiulizeni, kwa nini anafuma nne na hamalizi? Alimaliza sweta la binti yake, mwezi huo huo binti akaolewa. Akamaliza skafu ya mdogo wake, mdogo wake akahama. Mama ameelewa. Anayemalizwa anaondoka. Ndiyo maana kila mtu wake anampa mistari miwili leo, mitatu kesho, asimalizike.

— Uongo mtupu, alisema Redio, lakini taratibu.

Breki alikuwa ameshika ile ya rangi ya kutu, anaigeuza.

— Basi mimi ni kipi hapa?

Hapo akadakia mama mmoja mgeni, amesimama kwa mguu mmoja kwa sababu kandambili yake iliyokatika mkanda iko mikononi mwa Wakili. Alikuwa amewasikia muda mrefu.

— Samahani, baba zangu. Jikoni ni kwa sababu ya maharage. Kochi ni la kupumzika. Mkoba ni wa foleni. Dirishani kuna nini?

Redio akainamisha kichwa upande wa pili. Wote wakamtazama Breki, aliyekaa na mkewe tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Breki akatoa simu.

— Mama. Mjukuu bado? Haya. Nilitaka kukuuliza. Kwa nini ile unaifumia dirishani?

Sauti ya mkewe ikasikika mpaka kwa muuza kahawa:

— Umezigusa.

— Nimezigusa.

— Zote?

— Nilikuwa nafanya usafi, mama.

Simuni kukatoka kitu kama kicheko.

— Tuma zote. Nitazijua mwenyewe. Na usikate simu, umeniuliza swali.

Breki akamsukumia Wakili mfuko bila kushusha simu sikioni. Wakili akaondoka mbio kwenda stendi, na kandambili ya mama wa watu ingali mkononi mwake. Muuza kahawa akainamisha birika, likatoa tone moja, basi. Barabarani basi likapita likikohoa vibaya, gia ya pili imekwisha kabisa, na Breki hakugeuka. Alikuwa anasikiliza simu, na macho yake yamepanda polepole juu ya maduka ya ng'ambo ya barabara hadi ghorofa ya kwao, kwenye dirisha ambalo, kumbe, lilitazamana na benchi analoshinda kutwa.