Bi Rudisha na Vyeti Alivyokataa Kuvisoma

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, dirisha namba mbili la dawa hapa hospitalini kwetu litafungwa na mtu aliyelifungua kila asubuhi kwa miaka thelathini na miwili. Hajawahi kuomba uhamisho. Kuhamishwa aliwahi kutishiwa, na habari hiyo tutaisimulia, ingawa tulishauriwa tuiache.

Jina la Bi Rudisha alipewa na madaktari, na hawakumpa kwa mapenzi. Cheti cha dawa chenye neno lililofupishwa hakipiti kwake. Hukigonga mhuri mwekundu, ANDIKA KWA UKAMILIFU, akakirudisha chumba kilikotoka. Mumewe, mwalimu wa hesabu, anaapa kwamba siku moja alimwachia kikaratasi mezani, "Nimetoka kdg," akarudi akakikuta kimepigwa mstari mwekundu.

"Mke wangu, hata mimi?"

"Wewe kwanza. Kidogo ya dakika kumi au ya saa nne?"

Adui yake mkubwa ni neno la Kilatini lenye herufi mbili: ad. Kwa mchanganyaji wa dawa, maana yake ni jaza hadi kiasi fulani. Likifuatwa na lib, mgonjwa atumie apendavyo. Kwa daktari wa masikio ni kifupi cha sikio la kulia. Wapo wanaoliandika wakimaanisha siku moja utumie, siku moja uache. Karani wa masijala, aliyezoea mabuku ya zamani, hulisoma kuwa ni miaka baada ya Kristo. Wote wako sahihi, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Mwaka wa sita wa kazi yake alifika dirishani fundi wa magari, mtu aliyesifika kwa kutambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu, boneti ikiwa bado imefungwa. Cheti chake kilisema matone matatu, ad. Daktari alikusudia siku moja atumie, siku moja aache. Sikio lenyewe alikwisha kumwonyesha mgonjwa kwa kidole. Bi Rudisha, ambaye wakati huo hakuwa na jina hilo, akaandika kwenye chupa: sikio la kulia.

"Dada, mbona linaloniuma ni la kushoto?" fundi aliuliza.

"Fuata karatasi, kaka."

Akaifuata siku tisa. Siku ya kumi alirudi usaha ukichuruzika hadi kwenye ukosi wa shati. Sikio la kushoto halikusikia tena.

Hayo hakuyajua mtu hapa kwetu kwa miaka kumi na mitano. Tulichokiona ni mhuri tu, na ukali. Yalijulikana pale daktari bingwa mmoja aliposhtaki kwamba wagonjwa wake wanacheleweshwa na "ushamba wa dirishani". Bi Rudisha akaandikiwa barua ya kuitwa mbele ya kamati ad hoc. Baada ya nusu saa barua ilikuwa imerudi mezani kwa mkurugenzi, ina mhuri mwekundu. Katibu wake anasema bosi aliigeuza mara mbili, akashusha miwani, akasema, "Huyu mama ana wazimu," kisha akaagiza iandikwe upya. Ya pili ilisema: kamati ya muda iliyoundwa kwa jambo hili peke yake. Hiyo aliipokea.

Lililomkabili halikuwa mzaha. Angepelekwa stoo ya mashuka hadi astaafu, na vyeti vingepita bila kuulizwa. Bingwa ndiye aliyeanza.

"Hiki ni Kilatini, bibie. Dunia nzima inakitumia."

"Na dunia nzima haijakubaliana kinasema nini, daktari."

Mwenyekiti akamtaka ataje mgonjwa hata mmoja aliyedhurika. Angeweza kutaja makosa ya wenzake. Alikuwa nayo ya kutosha. Akataja la kwake. Alisimulia habari za fundi, swali lake na jibu alilopewa, akaeleza kwamba siku hizi bwana yule huegemeza sikio moja kwenye injini na bado huwaita wanafunzi wake wamsaidie kusikiliza.

"Yeye alijua kinachomuuma," alisema. "Mimi nikamwambia afuate karatasi. Karatasi haiumwi. Niandikieni adhabu ya kosa hilo, nitaitia sahihi sasa hivi. Lakini kurudisha vyeti siachi."

Kamati haikumwadhibu kwa kosa la fundi. Ilimpa onyo asirudishe tena vyeti. Onyo hilo limo kwenye jalada lake mpaka leo, nafasi ya sahihi ikiwa tupu. Kesho yake asubuhi alirudisha vyeti saba, viwili vya bingwa yuleyule. Stoo hakupelekwa, kwa kuwa hakuna mkuu aliyekuwa tayari kuandika kwa kirefu sababu ya kumpeleka. Bingwa naye alikuja kuanza kuandika maneno kamili. Alidai ni magoti tu, amechoka kupanda ngazi kuja dirishani kueleza vyeti vyake.

Watoa dawa wanne wamefunzwa na Bi Rudisha. Hakuna kati yao anayefungua chupa kabla ya kumuuliza mgonjwa: unaumwa nini, na upande gani?

Mwezi uliopita ulisambazwa waraka kwamba kuanzia tarehe 1 Julai vyeti visirudishwe tena, ili foleni iende haraka. Ni wazi ulisubiri aondoke. Wanne hao wamejibu kwa barua moja yenye sahihi nne: waraka huu hatuutekelezi, na stoo ya mashuka tunajua ilipo.

Bi Rudisha, asante kwa miaka yote hii, na kwa kutusumbua. Uende ukapumzike kwa afya na amani, wewe na mwalimu. Jumatatu saa mbili asubuhi tunafungua dirisha kama kawaida, na cheti tusichokielewa hatutakisoma, tutakirudisha.