Stika Kubwa, Chupa Ndogo

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu mimi mzee, karani wa supamaketi ya Machakos aliigeuza chupa ya asali ya mama aliyepakata katoni nzima.

"Mwaitu, mama yetu, hii stika ya mistari ni ndogo. Mashine haitaisoma, mzigo utarudi nyumbani."

"Tulimwambia mpiga chapa aipunguze. Ikiwa kubwa, itafunika jina la kikundi chetu."

"Mashine haina haja na jina."

"Kwani wewe mama yako alikuita namba gani?"

"Aliniita Munyao. Kazini ni thelathini na mbili."

Mwaka wa sabini na nane kahawa ya kijiji chetu nayo ilipewa namba mnadani, na jina lake hatukulisikia tena.

Basi likasimama. Wakashuka wameshika katoni huku na huku, mama akisema jina, karani akisema mistari.