Chuma Ndani ya Mjozi

Izimeni kwanza hiyo mashine. Izimeni kabisa, msiiache ikinguruma peke yake uani, kisha mje ndani nyote wawili, wewe kifungua mimba wangu na wewe dada yake, mkae hapa ukingoni mwa kitanda ambapo naweza kuwaona bila kugeuza shingo. Sogeeni. Kitanda hiki nimekitengeneza mwenyewe, hakitavunjika kwa kukaliwa na watu wawili wanaonuniana. Nilipousikia mlio wa ule msumeno wa mnyororo roho iliruka na bado haijarudi mahali pake.

Sikilizeni wanangu, maana daktari ameacha kunidanganya, sasa akija ananishika bega tu na kuuliza kama nimelala vizuri. Niliyotaka kuwaambia kwa utulivu, mkiwa mmeoga na kula, itabidi niyaseme mbiombio, na pumzi yenyewe ndiyo hii mnayoisikia.

Wewe baba, kifungua mimba wangu, nionyeshe mkono wako. Wa kulia. Kunja vidole. Haya, ushushe. Dada yako ameniambia umechora mstari wa chaki kwenye lile gogo la mti wa mjozi, pale penye weusi, ukasema hapo pameoza, tuanze kwa kukata uozo tuutupe. Sikulaumu. Wewe ni fundi wa milango na madirisha, mbao zinakujia zimenyooka na kukauka, hujawahi kuishi na gogo bichi lililookotwa. Lakini uozo ni laini, ukiuchoma kwa msumari unaingia, tena unanuka. Ule weusi una rangi ya wino uliomwagika, na mbao yake ni ngumu kama kwingine kote. Mjozi ukimeza chuma hufanya hivyo. Pale ndani kuna ndoano nene kama kidole changu gumba, na wewe ulikuwa unaipelekea msumeno huku uso wako umeinama juu yake.

Ndoano hiyo niliipigilia mimi. Mama yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu mgeni pale shuleni, mjozi umesimama katikati ya uwanja, na kengele ya shule imeegemezwa ukutani, kila anayetaka kuipiga aiinue kwa mkono mmoja kama amebeba kuku. Akaja karakanani kuniomba nimtafutie mahali pa kuitundika. Ilikuwa kazi ndogo, nikaifanya ichukue mchana mzima, na kila baada ya muda namwita aje aone kama urefu unamfaa. Alijua ninachofanya. Kila akija aliniletea maji. Baadaye shule ikapata kengele ya umeme, ile ya zamani ikaondolewa, na mti ukaifunika ndoano kwa gome lake hata asiyejua asijue. Upepo ulipouangusha, watu wa shule wakataka kuupasua kuni, nikawasihi kama mwehu, nikakodi lori, na nyinyi mkaulizana mgonjwa huyu gogo analitakia nini. Basi ndilo hilo.

Mnamkumbuka Taratibu? Yule mpasuaji mbao aliyekuwa akija hapa na kofia ameivuta upande mmoja, nanyi mkimcheka. Tulimwita hivyo kwa mzaha, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa mwepesi wa mkono kama yeye. Tulikuwa tunakata gogo kutoka kwenye ua wa watu, mimi nimelishika mwisho huu, yeye na mashine mwisho ule, na ndani mna pini ya chuma ya uzio ambayo mti uliila zamani. Nilisikia mlio ukibadilika, ukawa mwembamba, na kabla sijafungua mdomo mnyororo ulikuwa umekatika na kumchapa usoni. Kofia ile ilikuwa ya kuficha jicho ambalo halipo. Hayo ndiyo niliyoyaona leo nikiwa nimelala hapa, ila uso ulikuwa wako.

Na wewe binti yangu, usijifute macho kwanza, nitazame. Uliuona mstari wa chaki. Wewe ni mkerezaji wa mabakuli, magogo mabichi nimekufundisha mimi, ule weusi uliutambua palepale. Kaka yako alikuwa hatua chache kutoka kwako, na wewe ukampita, ukavuka ua wote, ukapanda ngazi, ukaja kuniambia mimi kitandani. Kwa nini? Kwa sababu hamsemeshani. Tangu nilipokukabidhi mashine ya kukerezea, yeye amenuna kwamba kifungua mimba amerukwa, na wewe umenuna kwamba amenuna. Mnapishana mlangoni kama wapangaji. Nimevumilia, nikasema watu wazima hawa, yatakwisha. Lakini leo nimeogopa, nawaambia kweli, nimeogopa kuliko ninavyokiogopa hiki kinachonijia. Siku ambayo kitanda hiki kitakuwa kitupu utakimbilia wapi? Utapanda ngazi umwambie nani?

Nipe maji. Kidogo tu.

Sasa shikeni haya. Gogo likatwe leo, maana nyufa zimeshaanza kwenye ncha zake, na ufa haungojei matanga. Ile spika mbovu ya redio, ing'oeni sumaku yake, muifunge kwenye uzi, muipitishe polepole juu ya gome. Itakaposita au kuvutwa, pigeni alama, kisha pimeni shubiri nzima upande huu na shubiri nzima upande ule, mchore alama nyingine, na katikati ya alama hizo msumeno usiguse. Kipande hicho hakikerezwi wala hakigawanywi. Kiwe kigoda cha karakana, atakayechoka akikalie.

Vilivyobaki, baba, najua mkono wako unapenda haki, utataka kulikata gogo vipande vya duara vilivyo sawa, huyu chake na huyu chake, asilalamike mtu. Usifanye hivyo. Kila duara litabaki na moyo wa mti katikati, na ufa huanzia moyoni, mtakuwa mmegawana kuni kwa usawa mzuri sana. Kata kwa urefu, upasue kupitia moyoni, uutoe moyo kama ubao mwembamba, ndipo upate nusu mbili za bakuli. Anayekata ni wewe, kwa kuwa una nguvu. Anayekuonyesha pa kukata ni dada yako, na atasimama pale unapoweza kumwona. Akiinua mkono unazima, huulizi kwanza. Na wewe dada mtu, kila kipande kikianguka kipakwe nta kwenye ncha papo hapo kisipasuke, msiende hata kunywa chai. Halafu uyakereze mabakuli yakiwa manene, uyafukie kwenye maranda yake yenyewe, uyasahau, uje kuyamalizia yakishatulia.

Mashine ya kukerezea inabaki kwa binti, hilo sirudi nyuma. Mwanangu, sikukuruka. Wewe unatengeneza vitu vinavyofungwa na kufunguliwa, na mashine ile ingekaa kwako ikifunikwa turubai. Patasi zangu zote ni zako, na ile randa ya babu yenu, ambayo dada yako ameitamani tangu utotoni na hajapata kuisema. Karakana ni moja na mlango ni mmoja. Ufunguo uwe mmoja vilevile, muwe mnaombana.

Yule jirani mchomeleaji nimemnunia miaka nenda rudi kwa sababu ya cheche zake zilizounguza maranda yangu. Mpeni bakuli. Dogo, lakini, asije akadhani alikuwa na haki.

Nilikuwa na jambo jingine... limenitoka. Ah. Kengele. Ile ya mama yenu iko chini ya meza ya kazi, imefungwa gunia. Itundikeni karakanani. Mkishindwa kuitana kwa majina, pigeni hiyo.

Fungueni dirisha. Lote. Sasa nendeni, mwanga usije ukaisha mkaharakisha. Ngojeni, nishike vichwa vyenu. Mungu awape uzee wenye vidole vyote na macho yote. Awape mdomo mwepesi wa kumwambia mwenzio subiri, na sikio la kusubiri kweli. Watoto wenu wawe wengi hadi karakana iwe na kelele. Nimewaridhia wote, mkubwa na mdogo, nimewaridhia... Nendeni.

Msiwashe kwanza. Semeni kwa sauti, nisikie. Ule mlio wa msumeno siutaki peke yake... nataka nisikie mmoja anauliza, mwingine anajibu.

Nani huyo mlangoni? Binti... umerudi? Nta. Unauliza nta imewekwa wapi... Sijui, mama. Mimi usiniulize tena. Kaka yako... yuko hapo nje. Muulize yeye.