Shangazi na Namba Iliyoangukia Mstari wa Chini

Msonyo mrefu, kama hewa inayotoka kwenye tairi: hiyo ndiyo sauti iliyonipokea siku yangu ya kwanza katika chumba cha tovuti. Nilidhani nimesonywa mimi, nikaangalia viatu vyangu. Kumbe Shangazi, kama ofisi nzima inavyomwita, alikuwa akikisonya kioo cha kompyuta, ambako neno refu lilikuwa limesukumwa mstari wa chini na kuacha pengo la kupitisha mkokoteni.

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja, Shangazi anastaafu. Alianza katika chumba cha uchapaji, akikata maandishi ya vipeperushi vya afya kwa wembe na kuyabandika kwa gundi. Vipeperushi vilipohamia kwenye simu za watu, naye akahama. Wenzake walimtania kwamba anakwenda kuzeekea mbele ya taa. Aliwajibu kwamba msomaji ni yuleyule, ila karatasi imepungua upana.

Wifi yake ndiye aliyempa kazi ya maisha yake. Mtoto alikuwa akiharisha, na wifi alikuwa akisoma kwenye simu yake ndogo namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Neno "vijiko" lilibaki mwisho wa mstari wa hatua ya nne. "6" ikaangukia mwanzo wa mstari uliofuata, ikakaa pale kama namba ya hatua. Akapiga simu ofisini: "Wifi, sukari vijiko vingapi? Na hatua ya tano mmeipeleka wapi?"

Mtoto alipona, na ofisi nzima ilicheka. Shangazi hakucheka. "Huyu ana wifi ofisini," alisema. "Asiye naye anakoroga anavyoona."

Katika kutafuta dawa, aligundua maktaba moja ya msimbo huria, yaani mkusanyo wa maagizo ya kompyuta, inayopanga mistari kwenye kurasa za tovuti. Watu wa mbali wameiandika na kuiacha wazi, yeyote aitumie na kuirekebisha bure. Ilijua lugha nyingi, yetu haikuwemo. Shangazi akajifunza kuandika msimbo akiwa na miwani mbili, moja usoni, nyingine kichwani, akaiingiza: neno refu likatwe wapi, na namba iambatane na kitu chake kama chanda na pete. Leo tovuti za shule na kliniki tusizozijua zinatumia kazi yake, wala hazijui kama yupo.

Hakuwa mpole kwa kila mtu. Mbunifu wetu alipenda herufi za kijivu hafifu. Shangazi alimtoa nje jua la utosi, akampa simu asome. Mbunifu alirudi ndani akiwa mtu wa wino mweusi.

Maktaba ile ina desturi moja: aliyeleta lugha ndiye mlezi wake. Akikosekana mlezi, katika toleo linalofuata lugha hiyo huondolewa, kwa sababu msimbo usioangaliwa huharibika kama paa lisilozibwa. Macho ya Shangazi yamechoka, na daktari amemkataza vioo vya kompyuta. Mwezi uliopita aliuliza kikaoni, mara moja tu, nani atamlelea mtoto wake. Kila mmoja wetu akapata kitu cha kusoma mezani. Kazi hiyo haina mshahara wala likizo, na barua zake ni malalamiko matupu. Shangazi akakunja miwani. "Haya, wanangu," akasema, "mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Hakusonya. Nilitamani angesonya.

Shangazi, ahsante kwa kila mstari uliotua mahali pake. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, chai inayonyweka ingali moto, na wajukuu wa kukusomea kwa sauti.

Kuhusu mtoto, usiulize tena. Jumatatu niliwaandikia wenye maktaba, nao wamekubali. Jina lako limebaki la kwanza. Langu liko chini yake, penye mlezi. Lalamiko la kwanza lilifika jana kutoka kliniki moja: kipimo cha dawa kimeachana na namba yake. Nimeshavirudisha pamoja.