Nyumba ya Ziwa na Ukurasa Wenye Niliruka

Siku ya yenga, Jumapili, saa nane na nusu ya mchana, tukiwa tumetoka misa: ni hapo ilianza.

Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Munivumilie, ninasoma huu ushuhuda ndani ya kaye, daftari yangu, juu nikiinua macho na kuona wote munaniangalia, nitanyamaza. Munanijua. Ni mimi mwenye ninakaaka nyuma ya kanisa karibu na mulango, ili nitoke wa kwanza.

Papa yangu anauzaka hapa Goma maharagi na viazi vya Kibumba. Vita vimemufungia barabara ya kule mara nyingi, magunia yanaozea kule, na sisi huku tunaangaliana tu. Ndiyo sababu alichoka. Alitaka kitu chenye kitamuletea pesa bila kupita barabara. Sasa akakutana na komisioneri mumoja, mutu wa kuuzisha manyumba, mwenye picha nzuri za nyumba za likizo, kando ya ziwa, njia ya Sake.

Ilikuwa hivi: unanunua nyumba, lakini hauingie. Sosiete, ile kampuni yenye ilikuuzia, inaikodi kwako palepale kwa miaka kenda. Inaweka wageni wa likizo, na kila mwezi inakupa kodi. Wewe mwenyewe unapata kulala ndani wiki mbili kwa mwaka.

Mama aliuliza, "Nyumba yangu, halafu mimi ndiye mugeni?"

Papa akajibu, "Mama, hiyo njo biashara ya wakubwa."

Na malipo? Parcelle yetu ya Mabanga, kiwanja na nyumba yenye tunakaa; papa alisema tutapanga chumba kwa ile kodi ya kila mwezi. Hatukuwa na kingine.

Papa aliacha masomo mapema, na mama hakusoma kifaransa. Kwetu, mutoto wa sekondari njo anasomeaka wazazi makaratasi. Basi ile siku ya yenga waliniketisha katikati ya sebule na kontra, ule mukataba wa kifaransa, komisioneri upande mumoja, baba mudogo upande mwingine. Nilisoma, nikageuza kwa kiswahili, mpaka ukurasa wa kumi. Ule wa kumi na moja ulikuwa na maandishi madogo na maneno yenye sijawahi kuona. Nikakwama mustari wa kwanza. Baba mudogo akacheka: "Aa! Miaka yote hii ya masomo, na kifaransa kinakuponyoka kama samaki?"

Ndugu zangu, nilisikia uso unawaka. Nikajifanya nimeusoma moyoni, nikaugeuza, nikasema, "Hapo ni mambo ya kawaida tu." Nikaendelea na ule wa kumi na mbili. Hakuna mwenye aliona kama sikuusoma, isipokuwa komisioneri. Aliniangalia, akatabasamu.

Lile tabasamu lilininyima amani! Walipatana kutia mukono kwenye kontra kisha juma mbili. Kila siku niliandika kwenye kaye: leo nitamuambia papa. Kila siku sikumuambia. Niliogopa kuchekwa kuliko niliogopa kukosa nyumba. Ninawaambia ukweli wote.

Siku ya posho, Jumamosi yake, mulima wetu wa volkano ukapasuka. Moto ulishuka upande wa Kibati, tukakimbia, ukasimama mbele ya kufika kwetu. Tulirudi, lakini udongo haukutulia. Vikombe vilitetemeka juu ya meza, ukuta wetu ukapasuka ufa. Papa akasema, "Munaona? Hii Mabanga tuitoke haraka." Niliomba: Bwana, fanya komisioneri apoteze ile kontra. Maombi ya mutu mwoga!

Siku ya ine, Alhamisi, tukaambiwa muji wote uhame. Tulishika njia ya Sake kwa miguu, magodoro juu ya kichwa, mama na muguu umevimba. Tulipofika kwenye zile nyumba za ziwa, komisioneri alikuwa kwenye mulango mukubwa, kontra mukononi.

"Papa, ni Mungu amewaleta! Mutie mukono leo, na leo mulale ndani."

Papa alitoa makaratasi ya parcelle chini ya shati. Akashika biki, kalamu ya komisioneri, akatia mukono. Ilibaki mama, juu parcelle ilikuwa ya wote wawili. Mama akaichukua biki, akaniangalia.

"Mutoto wangu, ulitusomea yote?"

Watu walikuwa wengi barabarani, mimi mwenye siwezi kuomba hata chumvi kwa jirani! Nikasema moyoni: Yesu, nipe sauti tu, mengine nitabeba mwenyewe. Na sauti ikatoka.

"Hapana, mama. Kuko ukurasa niliruka."

Papa akasema, "Ulifanya nini?"

Nikaufungua, nikausoma pale pale. Neno lenye silijui, nilisema silijui. Lakini mengine yalieleweka: ikitokea volkano ao vita, sosiete hailipi kodi, kutengeneza nyumba ni juu ya mwenye nayo, na mwenye nayo haruhusiwi kuhamia ndani mpaka miaka kenda iishe.

Mama mumoja mwenye sufuria kichwani alikuwa amesimama kusikiliza. Akapiga makofi. "Volkano ao vita? Hapa Goma? Sasa watamulipaka mwezi gani?"

Watu walicheka, hata mulinzi. Komisioneri akakasirika: "Huyu ni mutoto, hajui kifaransa!"

"Basi wewe mwenye unakijua," mama yangu akasema, "tusomee."

Hakusoma. Mama akamurudishia biki. Papa akapasua kontra mara mbili, akarudisha makaratasi yetu chini ya shati, akatangulia. Mpaka Sake hakunisemesha.

Ndugu zangu, parcelle yetu iko! Ukuta una ufa, lakini ni wetu, na jana mama alipika mbele ya mulango wake. Ninamushukuru Mungu mwenye alifungua kinywa changu kabla biki ya mama haijagusa karatasi. Na wewe mwenye unaficha kitu sababu ya aibu, usingoje uwe hodari. Muombe sauti, kisha umuambie mwenye jambo linamuhusu. Mimi sikuwa hodari hata kidogo.

Asubuhi yenye ilifuata ile siku ya kuhama, kule Sake, kwenye shule tulilala, waligawa fomu za chakula, zote kifaransa. Koko mumoja, muzee kabisa, alikuwa anaigeuza yake juu chini. Nikakaa kwenye jiwe, nikamusomea. Mahali nilikwama nikasema, "Koko, hapa sielewi, tuulize mwalimu." Hakunicheka. Wengine wakapanga mustari. Nilipoinua macho, wa sita alikuwa papa.

Zamu yake ikafika. Akanipatia fomu.

"Polepole," akasema.

Nikamusomea yote, na maandishi madogo ya chini.